Nilipoambiwa mtoto tumboni ana mgongo wazi

Mpimaji alikuwa akinipigisha soga tangu nilipopanda kitandani. Alipofika mgongoni mwa mtoto akanyamaza. Akarudisha kifaa palepale mara tatu, nne, kisha akaigeuza skrini nisiione na kutoka kumwita daktari. Nikabaki na jeli ya baridi tumboni, nahesabu vigae vya dari. Mimba ilikuwa ya wiki 20.

Jina la tatizo nililipata baada ya nusu saa: mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga vizuri, na maji yameanza kujaa kichwani. Jioni hiyohiyo simu zikaanza. Dada mmoja wa kundi letu la maombi akaniambia, "Usilipokee hilo neno. Likatae!" Nikalikataa kweli. Wiki mbili nzima nililikataa kwa sauti kubwa, na wiki mbili hizo sikukanyaga kliniki, maana nilidhani kurudi kule ni kukiri kwamba sina imani. Ukiniuliza leo nilikosea wapi, ni hapo.

Aliyenirudisha ni mchungaji wangu, mzee wa maneno machache. Nilimsimulia yote nikitegemea atanipaka mafuta. Akaniuliza, "Uwazi uko sehemu gani ya mgongo?" Sikujua. "Sasa mama, tumwombe Mungu nini?" Niliondoka nimenuna. Kesho yake nilikuwa kwa daktari na mume wangu, na daftari mkononi.

Daktari alituchorea uti wa mgongo kwenye daftari letu, akaweka alama kiunoni. Uwazi ukiwa chini zaidi, mishipa ya fahamu ya miguu husalimika zaidi. Mtoto azaliwe penye daktari wa upasuaji wa watoto, kwa sababu mgongo hufungwa ndani ya siku mbili tatu za mwanzo. Maji ya kichwani huenda yakahitaji mrija wa kuyashusha tumboni mwake. Tukauliza pia kuhusu upasuaji wa mtoto akiwa bado tumboni. Upo: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2011 ulionyesha unapunguza haja ya mrija, ila hufanywa kabla ya wiki ya 26, katika vituo vichache. Kwetu haukuwezekana kwa sababu nyingine, lakini kama ungewezekana, wiki zangu mbili za kelele zingekuwa zimekula sehemu ya muda huo.

Tangu siku hiyo maombi yetu yalibadilika. Tuliomba kwa kutaja: pingili hizi, miguu hii, mikono ya daktari atakayeshika kisu. Muujiza niliuomba mpaka siku ya kujifungua na sioni aibu. Ila niliuomba huku nikihudhuria kliniki.

Lawama zitakuja, nyingine kutoka kwako mwenyewe. Nilijiuliza dhambi gani nimefanya, nikasahau kwamba wanafunzi wa Yesu walimuuliza swali hilohilo kuhusu kipofu tangu kuzaliwa, naye akasema si yeye aliyetenda dhambi wala wazazi wake. Nilijilaumu pia kuhusu vidonge vya foliki asidi, vitamini ya wajawazito. Vinapunguza hatari ya mgongo wazi, na kabla ya mimba nyingine utapewa dozi kubwa zaidi, lakini mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku kama 28 tangu mimba kutungwa, wengi wetu tukiwa hata hatujajua tuna mimba.

Na usiku ukikosa maneno, soma Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio, inaishia gizani, na imo ndani ya Biblia. (Hii sikuwahi kuisikia ikihubiriwa.)

Kama ulichoambiwa hakina upasuaji, kama vile trisomi 18, kasoro ya kromosomu ambayo watoto wengi wenye nayo hawafiki mwaka mmoja, sitakupimia kwa kipimo changu. Wewe uliza mapema kuhusu huduma shufaa: nani atamtuliza mtoto asiumie, nani atakuwa nawe chumbani, na kama anaweza kubatizwa au kuombewa mara tu akizaliwa. Anayekuambia kupanga hayo ni kumkatia tamaa Mungu, mwambie akupishe kidogo.

Binti yetu alizaliwa na kidonda palepale daktari alipoweka alama. Alifungwa mgongo siku ya pili. Asubuhi ya tano nikiwa namfunika, alikunja vidole vya mguu wa kushoto. Wa kulia mpaka leo tunauombea.