Betri ya zinki ya kukunja kuvimba na kufa ghafla: angalia anodi kwanza

Mkuu wa Tabora uliyeuliza kwa nini betri yako ya kukunja ya zinki na manganizi inachaji fresh mwanzoni halafu inavimba na kuzima ghafla, na umeshabadili jeli (ile inayopitisha chaji kati ya pande mbili za betri) mara kibao, mi naona hiyo jeli unaionea bure.

Niko Kigoma hapa Mwanga, nafundisha kemia na jioni natengeneza taa za wavuvi wa dagaa, zinki nimeichezea sana. Angalia anodi, yaani upande hasi wa betri, ambao kwako ni karatasi jembamba la zinki. Hilo karatasi ukilikunja kunja linapata nyufa ndogo ndogo ambazo huzioni, sasa ukichaji umeme unakimbilia palipochongoka, zinki inaganda hapo zaidi, panachongoka zaidi, mwisho inaota miba. Mwiba ukitoboa kitenganishi, kile kinachozuia pande mbili zisigusane, ukagusa upande wa pili ni shoti, kwisha habari. Kuvimba ni kesi nyingine kabisa, zinki inashambuliana na maji ya kwenye jeli inatoa haidrojeni, na uchafu kama chuma unaongeza kasi. Ndo maana makopo ya mawe ya tochi siyashauri, si zinki tupu na mara nyingi yameshaliwa. Zamani viwandani walikuwa wanachanganya zinki na zebaki kuzuia hiyo gesi, usithubutu, ile ni sumu.

Mi ningeacha karatasi kabisa. Kitambaa cha kaboni ndo kizuri kubebea zinki, kinakunjika na kina eneo kubwa kwa hiyo umeme unasambaa haurundikani sehemu moja, ila huku mpaka uagize. Kama huna chukua nyuzi laini za kopa za kwenye waya, zisuke bapa, safisha vizuri, gandisha zinki juu yake kwa umeme ndani ya maji ya zinki salfeti ya maabara, siyo ile ya duka la pembejeo. Gramu 1 ya zinki inabeba kama milliampea-saa 820, yaani kwa milliampea 100 utakaa zaidi ya masaa 8 kupata gramu moja, na usiwe na haraka maana ukikandamiza umeme unapata unga mweusi unaopukutika. Utaniuliza kopa nayo si uchafu? Ndiyo, kwa hiyo funika yote, na ukitumia betri usiimalize mpaka chini kwa sababu kopa ikibaki wazi inafanya zinki iliyobaki iliwe haraka.

Halafu watu wengi wanapima betri ikiwa imelala mezani wanasema inakunjika, hapana bana, izungushe kwenye kipande cha bomba, ichaji na kuitumia ikiwa hivyo hivyo, maana penye mkunjo jeli inaachana na zinki na kinachobaki kimegusana kinabeba mzigo wote.

Ifungue hiyo iliyokufa, nje lakini na mbali na moto, utupie picha ya anodi hapa na useme unachaji kwa milliampea ngapi na anodi ina ukubwa gani, tuone kama siyo chaja tu inayokuzidi.