Usizime fayawoli za seva. Mimi nilizima

Toa mkono kwenye hiyo kibodi kwanza.

Umesema fundi wa mkataba amekushauri uzime fayawoli (ule ukuta unaochuja mawasiliano yanayoingia) kwenye seva zote za ofisi, eti iko moja kubwa kwenye ruta na mtandao wa ndani ni wa watu wetu wenyewe. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi 2018, katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, hapa Shimanzi, Mombasa, na chai ya aliyeniambia nikailipa mimi.

Programu ya uhasibu ilikuwa haishiki. Fundi akaja, hata kiti hakukalia, akaandika netsh advfirewall set allprofiles state off, amri ya kuzima fayawoli yote ya Windows. Programu ikashika, tukapiga makofi. Akaniambia na zile zilizobaki nizifanye vivyo hivyo, "usijisumbue." Nikazifanya. Hata seva ya bakapu, ya nakala za akiba. Hapo ndipo jasho linaponitoka mpaka leo.

Na unajua ugonjwa ulikuwa nini? SQL Server yetu (hifadhidata ya programu ile) ilikuwa ikisikiliza poti 1433, yaani mlango wake wa mtandao, fayawoli ikaizuia. Ungeruhusu 1433 kutoka mashine za wahasibu, basi, dakika mbili. Sisi tulitaka dirisha, tukabomoa nyumba.

Miezi minne baadaye laptopu ya mhasibu mmoja ikarudi kutoka nyumbani na mgeni. Fayawoli ya ruta imwonee wapi? Aliingia mlangoni akiwa mkobani, bawabu akamsalimia. Kikulacho ki nguoni mwako. Kati ya laptopu ile na seva hakuna ruta, ni swichi tu. Kirusi kikapita poti 445, ya kushirikiana mafaili, ile ile iliyopitiwa na WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia, Mei 2017 (Microsoft walishatoa kiraka tangu Machi mwaka huo, ila sisi viraka tulikuwa tukiviahirisha kama deni la dukani). Poti 445 kwenye seva ya uhasibu ilikuwa ikimngoja nani? Si Kilindini ile, hakuna meli inayotia nanga.

Jumamosi alfajiri nikapigiwa simu. Nikavuka feri ya Likoni nikisema peke yangu, watu wakanipisha. Kufika, kila faili haifunguki, jina limeongezwa mkia wa herufi nisizozijua. Sikubabaika sana, si bakapu ipo? Nikaifungua. Mikia ile ile. Wallahi nilikaa sakafuni.

Ankara za miezi saba ziliingizwa upya kutoka kwenye makaratasi, wiki tatu, watu wanne, na kila mmoja akinipita ananitazama. Fundi hapatikani kwa simu. Ankara yake yeye ilifika kwa wakati.

Kwa hiyo kila seva ijifungie yenyewe: zuia vyote vinavyoingia, kisha ruhusu poti moja moja, kwa mashine inayohitaji tu. Seva ya bakapu ndiyo iende kuchukua data, asiingie mtu kuiwekea. Kwenye Linux ruhusu poti 22 (ya SSH, unayoingilia ukiwa mbali) kabla ya ufw enable, amri ya kuwasha fayawoli, la sivyo utajifungia nje. Ndiyo, na hilo nimelifanya, ila lilinila nauli tu.

Uliuliza pia kama fayawoli itazifanya seva ziwe nzito, na lingine sijui la leseni. Watakuja wenzangu wakujibu. Wewe endesha netstat -an kwenye seva ya uhasibu, ubandike hapa poti zilizo LISTENING, yaani zinazongoja wageni (anwani za IP zifiche, bwana), kabla fundi wako hajarudi Jumatatu.