Kompyuta za maktaba zimefungiwa, tunasubiri intaneti

SWALI: Habari za kazi wapendwa. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Singida, ndo nimepewa maktaba niisimamie. Tuliletewa kompyuta za msaada, mpaka leo zimefunikwa vitambaa, chumba kimefungwa na funguo anayo mkuu. Nikiuliza naambiwa tusubiri intaneti, na bando la kulisha kompyuta zote hizo shule haina. Kweli hakuna cha kufanya?

JIBU: Mwalimu, pole sana, ila cha kufanya kipo tena kingi. Intaneti unaihitaji mara moja tu, siku ya kupakua, na hiyo siku unaweza kwenda na diski ya nje mjini kwa mtu mwenye laini nzuri ukarudi na kila kitu humo.

Kuna programu inaitwa Kolibri, ya bure kabisa, imetengenezwa kwa ajili ya shule ambazo hazina mtandao. Unaiweka kwenye kompyuta moja, ile yenye nafasi kubwa, unaingizia masomo kutoka kwenye diski yako, humo utakuta video na mazoezi ya hisabati na sayansi ya Khan Academy, mengine yako kwa Kiswahili, na hadithi za African Storybook kwa wale wa form one ambao Kiingereza bado kinawasumbua. Halafu unachomeka ruta ya kawaida, hata isiyo na laini, kompyuta zingine zinajiunga na waifai yake, mwanafunzi anafungua brauza anaandika namba ya mtandao (IP) ya ile kompyuta mama yenye Kolibri, basi anasoma, na hakuna hata MB moja inayokatwa. Kitu ninachokipenda zaidi ni kwamba mwalimu unaunda darasa lako humo humo, unatoa jaribio, unaona nani kakwama swali gani, kwahiyo kesho unaingia darasani unajua pa kuanzia.

Pamoja nayo weka programu nyingine ya bure, Kiwix, hii inakupa Wikipedia nzima bila mtandao. Ya Kiingereza yenye picha ni kubwa mno, inazidi GB 100, chukua ile isiyo na picha au ya masomo machache. Ya Kiswahili ni ndogo, haitakusumbua.

Umeme ukikatika sana, kompyuta mama iwe laptopu. Kama hamna, Raspberry Pi inafanya kazi hiyo hiyo, ni kikompyuta cha kukaa kiganjani, kinakula umeme kidogo hata sola ndogo inakibeba, ila tafuta fundi anayekijua.

Sasa la funguo, na hapa naongea kwa uchungu kidogo maana watoto wanamaliza form four hawajawahi kushika mausi na mashine ziko nyumba ya pili. Usimwombe mkuu ruhusa ya mradi, mwombe kipindi kimoja cha form two, aje akae aone. Ukishapata chumba panga ratiba ukutani, wawili wawili kwa kila kompyuta, wabadilishane mausi katikati ya kipindi la sivyo yule mjanja atashika mwanzo mwisho. Vitabu viache humo humo kwenye rafu, mtoto akiona video ya moyo unavyosukuma damu mpe na kitabu cha baiolojia achore ule mchoro kwa mkono wake. Na muda wa jioni wape wasichana siku zao, wengi hawapati nafasi wakichanganywa.