Rsync imekopi linki tu, folda lenyewe halimo

Mzee, unasema umebakapu home kwa rsync (programu ya kukopi mafaili) kwenda eksteno (diski ya nje) ukakuta Picha ni linki tu, yaani symlink, kielekezo cha mahali folda lenyewe lilipo. Hiyo sio bagi (kosa la programu), ukitumia rsync -a linki inakopiwa kama linki, yaani kwenye eksteno unapata kile kielekezo tu cha Picha na sio picha zenyewe, ndo maana bakapu imeisha haraka hivyo. Ongeza -k, yaani rsync -ak /home/wewe/ /mnt/bakapu/, hapo linki za mafolda zinafuatwa na vilivyomo vinakopiwa kweli, ila linki za faili mojamoja zinabaki linki. Watu watakwambia weka -L, inafuata kila kitu, mi siipendi sana, na kama ilivyo kwa -k, kukiwa na linki inayorudi kwenye folda la juu yake itazunguka humo humo inakopi vitu vilevile na diski inajaa bure. Ipo pia --copy-unsafe-links, inafuata linki zinazoelekea nje ya folda unalobakapu, pamoja na zile zenye njia kamili (zinazoanza na /), kwa wengi hii inatosha kabisa. Anza na -n uone itafanya nini kabla hujaiachia. Na kama eksteno ina mfumo wa faili wa exFAT jua haishiki linki kabisa, utaona maerror tu. Tar (programu ya kufunga mafaili pamoja) nayo ni hivyohivyo, inahifadhi linki kama linki, ukitaka izifuate weka -h