Mwarobaini kwa mbwa sawa, kitunguu saumu hapana

Mvua zikianza tu mbwa wangu anajaa kupe, masikioni na katikati ya vidole ndo zaidi, na dawa yangu ya kwanza ni mwarobaini. Nachuma majani mabichi, nachemsha sufuria nzima mpaka maji yabadilike rangi, nayaacha yapoe kabisa, nachuja, halafu nikishamwogesha kwa sabuni namwagia yale maji bila kusuuza, ila machoni na mdomoni nakwepa. Muwasho unapungua na viroboto wanapungua, hilo nimeliona kwa macho yangu. Ila kupe aliyeshanasa hatoki kwa majani, huyo mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi uvute polepole, na jamani acheni kuwachoma kwa kiberiti au kupaka mafuta ya taa, mnamuumiza mnyama bure. Matandiko nayo fua uanike juani, mayai ya viroboto yanadondokea humo.

Sasa huu ushauri wa magrupu ya WhatsApp wa kumpa kitunguu saumu eti kinatoa minyoo na ni cha asili, naomba muuache. Kitunguu saumu na kitunguu maji vyote vinaharibu chembe nyekundu za damu, mbwa anaweza kuonekana mzima siku kadhaa halafu ndo anaanza kulegea, na paka anadhurika haraka zaidi. Dawa ya minyoo ipo duka la dawa za mifugo, inatolewa kwa uzito wake, nenda kanunue.

Paka mwogopeni kweli. Ini lake haliwezi kuvunja vitu vingi ambavyo mbwa anavimudu, na kila unachompaka atakilamba, kwa hiyo mafuta ya karafuu usimguse nayo hata tone. Panadol ndo kabisa, kidonge kimoja kinaweza kumuua. Mimi paka namchana tu kwa chanuo la meno ya karibu, viroboto nawazamisha kwenye maji ya sabuni.

Halafu mzoee kuangalia fizi. Inua mdomo wa juu, ziwe na rangi ya waridi, na kama ni nyeusi kwa asili (mbwa wa kienyeji wengi wako hivyo) vuta kope la chini uangalie ndani. Ukikuta ni peupe au pana unjano, mnyama hataki kula, na mkojo umekuwa wa kahawia, hiyo inaweza kuwa homa ya kupe, majani weka pembeni mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.