Kusali Zaburi Bila Kitabu Yerusalemu

SWALI: Mheshimiwa Padri, parokia yetu hapa Kampala inaandaa hija ya Yerusalemu, na katekista anatutaka tukariri zaburi za kusali njiani. Je, sala iliyokaririwa si maneno matupu? – Msomaji, Kampala

JIBU: Ndugu msomaji, katekista wenu ana hoja. Zaburi ya 120 hadi ya 134, ziitwazo nyimbo za kupanda mlima, kwa mapokeo huhusishwa na mahujaji Wayahudi waliopanda kwenda Yerusalemu kwa sikukuu, ambao wengi wao hawakuwa na gombo mkononi. Karibu zote ni fupi. Ya 132 tu, yenye aya 18, naona aachiwe msomaji mmoja. Anzeni na ya 122, isemayo, “Miguu yetu imesimama ndani ya malango yako, Ee Yerusalemu.” Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, watu wanapobanana kuelekea Kanisa la Kaburi Takatifu, kufungua kitabu ni taabu, na macho yanahitajika kwenye ngazi za mawe. Maneno huwa matupu anayeyasema asipoyatafakari, yawe yamesomwa au yamekaririwa. Wenzenu watakaotembea kwa miguu hadi Namugongo, karibu na Kampala, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni wazifanyie mazoezi huko.