Japani kila sensei ana mlango wake: jua wa kugonga kabla hujaachishwa kazi

Mwaka wangu wa tatu Japani niliachishwa kazi kwenye yadi ya magari mkoani Chiba. Bosi aliniita jioni, akaniambia kesho nisije. Nilikuwa namdai mishahara ya miezi miwili. Nilitoka pale na begi la nguo za kazi, na mtu wa kwanza niliyemkimbilia alikuwa sensei, ndivyo Wajapani wanavyowaita kwa heshima wataalamu wa sheria na karatasi, aliyeniandalia viza, mzee mpole mwenye ofisi ghorofa ya pili, juu ya duka la mchele. Nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu mezani, akasema hawezi kumpigia simu bosi wangu wala kwenda kuvutana naye juu ya mishahara yangu. Akifanya hivyo kwa malipo, anavunja sheria.

Kisha akachukua kikaratasi, akaandika tarehe moja na namba moja ya simu, akanisukumia.

Nilishuka ngazi nikiamini mzee amenitupa. Leo najua hakuna aliyenisaidia siku ile kuliko yeye, na ningependa uelewe sababu kabla hayajakufika.

Kwetu Tanzania tumezoea wakili mmoja wa kila kitu. Huyohuyo anagonga mhuri kwenye hati ya kiapo, anaandika mkataba wa kiwanja, na kesho yake yuko mahakamani. Japani kazi hizo zimegawanywa kwa watu tofauti, kila kundi na leseni yake na beji yake kifuani, na wote huitwa sensei. Hapo ndipo wageni tunapopotea, kwa sababu ukimwita mtu sensei na amevaa suti, unadhani ni wakili.

Wakili kamili anaitwa bengoshi. Kifungu cha 72 cha sheria ya mawakili kinamkataza asiye bengoshi kushughulikia kesi na magomvi ya watu ili alipwe, isipokuwa pale sheria nyingine inapomruhusu. Shiho shoshi ni mtu wa kusajili ardhi, nyumba na kampuni, na wa kuandaa nyaraka za mahakamani. Gyosei shoshi ni mtu wa karatasi zinazokwenda serikalini: viza, leseni ya kuuza vitu vilivyotumika ambayo hupitia polisi, kubadilisha jina la mwenye gari. Sisi wa magari ya kusafirisha Dar na Mombasa huyu ndiye tunayemjua kuliko wote, na mzee wangu alikuwa mmoja wao. Wapo pia zeirishi wa kodi na sharoshi wa bima za wafanyakazi, ambao mara nyingi huajiriwa na makampuni.

Mipaka hii haijakaa palepale, na ukimuuliza mtu aliyeishi Japani tangu zamani anaweza kukupa jibu lililopitwa na wakati. Zamani mawakili walikuwa wachache mno. Kwa miaka mingi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliofaulu mtihani walikuwa kama 500 tu kwa mwaka, na wengi walikaa Tokyo na Osaka. Iko miji iliyokuwa haina hata bengoshi mmoja. Chama cha mawakili kikaanza kufungua ofisi maalumu huko, ya kwanza ikiwa Hamada, mkoani Shimane, mwaka 2000. Mwaka uliofuata baraza la serikali likatoa mapendekezo ya kuusogeza mfumo wa sheria karibu na wananchi. Shule mpya za sheria zikafunguliwa mwaka 2004, lengo likiwa kufaulisha watu 3,000 kwa mwaka. Lengo hilo halikufikiwa na baadaye likaachwa, lakini mawakili waliokuwa karibu 17,000 mwaka 2000 sasa wamepita 45,000. Shiho shoshi nao wakafunguliwa mlango: tangu 2003, mwenye kibali cha wizara ya sheria anaweza kukuwakilisha kwenye mahakama ndogo, na leo kiwango ni madai yasiyozidi yeni 1,400,000.

Kwako wewe mwenye kadi ya ukaazi, maana yake ni kwamba bengoshi anafikika. Bado tunamwogopa kama mtu wa matajiri, na woga huo umewagharimu wenzetu wengi mishahara yao. Inaniuma kila ninaposikia.

Namba aliyoniandikia mzee ilikuwa ya Houterasu, taasisi ya msaada wa kisheria iliyoanza kuhudumia watu mwaka 2006. Mgeni anayeishi kihalali na mwenye anwani Japani anaruhusiwa kuitumia, na mwenye kipato kidogo anaweza kumwona wakili bure hadi mara tatu kwa tatizo moja. Mkiendelea, wao humlipa wakili kwanza, nawe unawarudishia kidogokidogo bila riba. Kwa hiyo ni mkopo. Waambie na nyumbani mapema, maana kuna mwezi hutatuma hela kama walivyozoea.

Niliyepangiwa alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Beji yake, ua la alizeti lenye mizani katikati, ilikuwa inang'aa dhahabu. Mwenzangu mmoja alikuwa ameniambia kwamba beji ya mzoefu imechakaa, dhahabu imetoka na fedha ya ndani inaonekana, kwa hiyo nilipoiona ile mpya moyo ulinishuka. Nilikosea. Vijana hawa hawakukuta wateja wa kurithi kama wakubwa wao. Wengi wanakwenda kwenye makampuni, halmashauri na kesi za watu wadogo, na wanajituma kwelikweli.

Aliniuliza nina nini mkononi. Nilikuwa na mkataba, hati za malipo, na picha za kadi yangu ya mahudhurio nilizopiga kila mwisho wa mwezi. Hizo picha ndizo zilizonibeba. Piga na wewe, kuanzia mwezi huu.

Kwanza aliandika barua ya naiyo shomei. Barua hiyo huandaliwa nakala tatu zinazofanana neno kwa neno: moja anapelekewa mdaiwa, ya pili inabaki posta, ya tatu unakaa nayo. Kazi ya posta ni kuthibitisha kilichoandikwa na siku kilipotumwa, ili mtu asije akasema hakuambiwa. Bosi hakujibu. Tukaenda kwenye baraza la kazi la mahakama ya wilaya, rodo shinpan, ambalo lilianza mwaka 2006 na kwa kawaida humaliza shauri ndani ya vikao vitatu. Mfikirie mtu aliyezoea kusikia kesi za miaka. Mnakaa mezani, jaji mmoja na wajumbe wawili wanaojua mambo ya kazi. Kwenye kikao cha pili bosi alikubali kulipa mishahara yote na fidia juu yake. Nilimtafsiria mama kwa simu usiku uleule, akalia.

Sasa ile tarehe. Ukiacha au ukiachishwa kazi, wengi wetu wenye viza za ajira tunatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 14. Na ukikaa miezi mitatu bila kufanya shughuli ya viza yako, na huna sababu ya maana, inaweza kufutwa. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa, akili yote iko kwenye hela. Mzee hakusahau, na taarifa ile alinijazia yeye, maana hiyo ilikuwa kazi yake halali.

Waliofunga ndoa na Wajapani wana la kwao. Tangu Aprili 2024 kusajili ardhi au nyumba ya urithi ni lazima, ndani ya miaka mitatu tangu ujue umerithi, na faini yake hufika yeni 100,000. Waliofiwa kabla ya hapo nao wamo, na wengi mwisho wao ni 31 Machi 2027. Nenda kwa shiho shoshi. Kama ndugu wa marehemu wanagombania mali, anza na bengoshi.

Na wale ndugu zetu wanaoahidi viza kwa sababu "wanamjua mtu uhamiaji", tafadhali, usiwape pasipoti. Mwombe anayekuhudumia namba yake ya usajili, uitafute kwenye orodha ya chama chake. Sensei wa kweli hachukii kuulizwa.

Namba ya Houterasu kwa wageni ni 0570-078377, siku za kazi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kiswahili hawana, Kiingereza wanacho, na mkalimani anaungwa kwenye simu hiyohiyo. Kabla hujapiga, weka mkataba na hati za malipo mbele yako.